Blowa ya mkononi inapogoma: fuata mafuta kutoka kwenye tanki hadi kwenye kabureta

Blowa ya mkononi ya petroli, yaani mashine ya kupulizia majani, huwa na injini ndogo ya tustroku (inayotumia petroli iliyochanganywa na oili) ya cc 25 hadi 28. Stihl BG 56 ina cc 27.2, Husqvarna 125B ina cc 28, Echo PB-2520 ina cc 25.4. Zikigoma, ugonjwa wao unafanana: haiwaki, au inawaka kwa choki tu (kile kilango kinachobana hewa wakati wa kuwasha), au ukibonyeza akselereta inakohoa na kuzima. Hapo wengi hukimbilia bisibisi na kuanza kuzungusha skrubu za kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, na tatizo dogo linageuka kubwa. Mashine iliyofanya kazi vizuri wiki iliyopita haikuharibikiwa na skrubu. Kilichobadilika ni mafuta, filta, mpira uliopasuka au dayaframu (utando mwembamba ndani ya kabureta) iliyokakamaa. Anza kwenye tanki, fuata njia ya mafuta hatua kwa hatua, na skrubu ziguse mwisho kabisa, tena kama kuna sababu.

Haya yote yanafaa pia kwa mashine ya kufyekea nyasi na msumeno wa mota, kwa kuwa nyingi hutumia kabureta za dayaframu za aina ileile, hasa Walbro WT na Zama C1Q.

Fanya kazi nje au mahali penye hewa, mashine ikiwa imepoa, bila sigara wala jiko karibu. Weka kidumu cha petroli mbali na pale unapojaribia kuwasha.

Kwanza jua kama kweli ni mafuta

Vuta kamba mara tano au sita choki ikiwa imefungwa, kisha fungua plagi uitazame. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika, pengine yamezidi, au hakuna cheche, au hewa imezibwa.

Plagi ikiwa kavu, mimina nusu kijiko cha chai cha petroli iliyochanganywa na oili kwenye tundu la plagi, kama ml 2 tu. Futa yaliyomwagika, rudisha plagi, fungua choki, vuta. Ikiwaka sekunde mbili tatu kisha ikazima, umepata jibu kubwa: cheche ipo, kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) ipo, kinachokosekana ni mafuta. Ikiwa haikohoi hata kidogo, acha kabureta ilivyo na uangalie plagi, waya wa plagi na koili kwanza. Stihl BG 56 hutumia NGK CMR6H yenye mwanya wa mm 0.5, kwa mashine nyingine fuata kitabu chake. Kama una geji ya kompresheni, usomaji ulio chini ya psi 90 unakuambia pistoni na ringi zimechoka, na hapo hakuna kabureta itakayokusaidia.

Plagi ikiwa imelowa chapachapa, injini imejaa mafuta. Itoe, ikaushe kwa kitambaa, fungua choki kabisa, elekeza tundu la plagi chini na uvute kamba mara nane hadi kumi ili mafuta yatoke. Chomoa kifuniko cha waya wa plagi kikae mbali na tundu hilo, maana cheche moja inatosha kuwasha mvuke unaotoka. Rudisha plagi, bonyeza akselereta hadi mwisho, vuta bila choki. Ikijaa tena siku ileile, sindano ya kabureta inavuja au kiwiko chake kimewekwa juu mno. Tutafika huko.

Mafuta yenyewe

Petroli iliyochanganywa na oili inaanza kuchoka baada ya siku 30 hivi, na mapema zaidi ikikaa juani kwenye kidumu kisichofungwa vizuri. Ile sehemu nyepesi inayowaka haraka ndiyo inayopotea kwanza, kwa hiyo mashine inakuwa ngumu kuwaka ikiwa baridi. Kinachobaki kinaacha utando wa rangi ya kahawia unaonata, na utando huo ndio unaoziba matundu ya kabureta. Kama hukumbuki mafuta yaliyomo yalichanganywa lini, yamwage yote kabla ya kufungua hata skrubu moja. Mashine nyingi hupona hapa.

Kipimo cha oili kwa Stihl, Husqvarna na Echo za sasa ni 50:1, yaani ml 20 za oili kwa lita moja ya petroli, au ml 100 kwa lita tano. Mashine nyingi za bei nafuu kutoka China zimeandikwa 25:1, ambayo ni ml 40 kwa lita, au 40:1, ambayo ni ml 25 kwa lita. Soma kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha tanki, usikisie. Bomba la sindano la ml 20 linalouzwa duka la dawa ndilo kipimo bora: kwa 50:1, bomba moja lililojaa kwa kila lita. Kupima kwa kifuniko cha chupa ya oili ndiko kunakoleta mashine zinazotoa moshi mzito leo na kukwama kesho.

Changanya kwenye kidumu safi, kamwe si ndani ya tanki la mashine. Mimina nusu ya petroli, weka oili yote, tikisa, ongeza petroli iliyobaki, tikisa tena. Na kila unapojaza tanki, tikisa kidumu kwanza.

Oili iwe ya tustroku ya injini inayopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FC au FD kwenye chupa. Oili ya gari ya SAE 40 haiungui sawasawa. Inaacha masizi kwenye plagi na ekzosi. Oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3 imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji, na blowa inachemka kuliko hiyo.

Halafu kuna suala la kuchakachua. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa inaisumbua injini ndogo kuliko gari: inawaka kwa shida, inagonga ikipata joto na inatoa moshi mzito. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu ya mchezo huo, na Tanzania inatumia vinasaba kwenye mafuta, yaani kemikali ya alama inayofichua yaliyochakachuliwa. Bado petroli ya chupa ya barabarani haina anayeikagua. Jaribio la haraka ni hili: kabla ya kuchanganya na oili, dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe safi. Petroli safi inakauka ndani ya dakika chache bila kuacha kitu. Yenye mafuta ya taa inaacha doa lenye mafuta.

Kwa walioko Marekani, petroli ya kawaida ya pampu ina hadi asilimia 10 ya ethanoli. Ethanoli inavuta unyevu wa hewani, na maji yakizidi inajitenga na petroli na kutua chini ya tanki, pale pale filta inapolala. Huko nunua kiasi cha mwezi mmoja tu, au tumia petroli isiyo na ethanoli.

Filta, mipira na kipira cha kupampia

Ndani ya tanki kuna mpira mmoja mwishoni una filta nzito kidogo inayofuata mafuta kila unapoinamisha mashine. Mpira mwingine, usio na filta, ni wa kurudisha mafuta kutoka kwenye kipira cha kupampia, kile unachobonyeza kwa kidole kabla ya kuwasha. Tengeneza ndoano kwa waya laini, ivute filta nje kupitia mdomo wa tanki. Shika mpira, usiivute filta yenyewe, isije ikachomoka. Filta iliyobadilika kuwa kahawia na kuteleza kwa utando haioshwi, inabadilishwa. Ni kitu cha bei ndogo. Usiendeshe mashine bila filta hata kwa siku moja, kwa sababu uchafu utakaopita utaishia kwenye chujio dogo ndani ya kabureta, na huko kuutoa ni kazi ya saa nzima.

Kagua mipira kwa kuikunja. Mpira mzuri ni laini na unarudi ulivyokuwa. Uliozeeka unakuwa mgumu wa njano, na mipasuko inaanzia pale unapopenya ukuta wa tanki au unapovikwa kwenye chuchu ya kabureta, sehemu ambazo hazionekani hadi uuchomoe. Mpasuko mdogo wa mpira wa kuvuta haumwagi mafuta nje, unaingiza hewa. Ndiyo maana watu wanaupita bila kuushuku.

Kununua mpya, pima kipenyo cha ndani cha mpira wa zamani. Mara nyingi ni mm 2 hadi 2.5. Kata ncha mshazari, iwe na ulimi mrefu, upitishe ulimi huo kwenye tundu la tanki kisha uuvute kwa koleo kutoka upande wa pili. Baadaye kata ncha iwe sawa na uvike filta. Urefu utoshe filta kufika kila pembe ya chini ya tanki, usiwe mrefu hadi ukajikunja.

Kipira cha kupampia kinakueleza mengi ukikiangalia vizuri. Kibonyeze mara saba hadi kumi, taratibu:

- Kikijaa mafuta yasiyo na mapovu, njia kutoka kwenye tanki hadi kwenye kabureta iko wazi.
- Kikibaki kimebonyea au kikirudi polepole sana, kuna kizuizi: filta, mpira uliobanwa, au chujio la kabureta.
- Mapovu yasiyokwisha hata baada ya kubonyeza mara ishirini ni hewa inayoingia kwenye mpasuko, au filta haijazama kwenye mafuta.
- Kikirudi haraka bila kuvuta kitu chochote, kipira kimetoboka, vali yake imekufa, au mipira imebadilishana.

Kosa hilo la mwisho ni la kawaida baada ya ukarabati. Kwenye kipira kilichokaa peke yake chenye chuchu mbili, ndefu ndiyo inayorudisha mafuta kwenye tanki na fupi ndiyo inayovuta kutoka kwenye kabureta. Kipira hakisukumi mafuta kwenda kwenye injini. Kinayavuta yapite ndani ya kabureta na ziada inarudi kwenye tanki. Kwa hiyo kukibonyeza mara thelathini hakujazi injini mafuta, tofauti na wengi wanavyohofia.

Kabla ya kuondoka kwenye tanki, jaribu tundu lake la kupumua. Mashine inayofanya kazi dakika tano au kumi kisha inafifia na kuzima, na ikapumzika kidogo inawaka tena, ifungue kifuniko cha tanki mara tu inapozima. Ukisikia hewa ikifyonzwa ndani, tundu la kupumua limeziba na tanki limebaki na ombwe linaloyazuia mafuta kutoka. Tundu hili lina vali ya njia moja, kwenye kifuniko au kwenye kipande kifupi cha mpira juu ya tanki. Lioshe kwa petroli safi au libadilishe. Usilitoboe kwa pini, maana vali ikifa mafuta yatamwagika kila utakapoinamisha blowa.

Hewa inayoingia na moshi unaotoka

Filta ya hewa iliyojaa vumbi inafanya kazi ya choki: mashine inakula mafuta mengi, inalowesha plagi na kutoa moshi mweusi. Ya sponji ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikamuliwe bila kusokotwa, ikauke kabisa. Ya karatasi au kitambaa ikung'utwe, na ikiendelea kuwa nyeusi ibadilishwe. Jaribu kuwasha sekunde chache bila filta. Mashine ikichangamka, umempata mkosaji.

Upande wa pili, ndani ya mdomo wa ekzosi kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche. Ukiziba kwa masizi, blowa inawaka vizuri, inatulia vizuri bila akselereta, lakini ukibonyeza akselereta haipandi. Hii ni dalili ileile ya kabureta iliyoziba upande wa mwendo wa juu, na kabureta nyingi hufunguliwa bure kwa sababu ya wavu huu. Uchomoe ekzosi ikiwa imepoa, usugue kwa brashi ya waya. Wavu uliojaa haraka haraka unaashiria oili imezidi au ni ya aina isiyofaa.

Kabureta inavyofanya kazi

Kabureta hii haina boya, ndiyo maana blowa inafanya kazi hata ukiigeuza kichwa chini. Ina dayaframu mbili. Ya kwanza ni ya pampu: mapigo ya hewa kutoka chini ya pistoni yanapita kwenye tundu dogo na kuitikisa, nayo inavuta mafuta kutoka kwenye tanki. Mafuta yanapita kwenye chujio la wavu mwembamba na kusubiri nyuma ya sindano. Ya pili ni ya kupimia: injini inapovuta, dayaframu inazama ndani, inasukuma kiwiko, kiwiko kinainua sindano, mafuta yanaingia. Mfuniko wa upande huu una tundu dogo la hewa ya nje. Likizibwa na tope la nyigu au vumbi, dayaframu haisogei na mashine inakosa mafuta huku kila kitu ndani kikiwa kizima.

Dalili za dayaframu ya kupimia iliyokakamaa ni zile zinazojulikana sana: inawaka kwa choki tu, ukifungua choki inazima; au inatulia lakini ukibonyeza akselereta inakata. Ya pampu ikichoka, mashine inakosa mafuta kwenye mwendo wa juu baada ya sekunde kadhaa, au haivuti kabisa.

Kuifungua na kuisafisha

Piga picha kila hatua, hasa mahali mipira, springi za choki na waya wa akselereta zinapoingia. Toa mfuniko wa filta, fungua nati mbili, mara nyingi za spana namba 8, chomoa waya na mipira, na uangalie gasketi kati ya kabureta na injini. Gasketi iliyopasuka hapo inaingiza hewa na kuifanya mashine ipande yenyewe.

Fanya kazi juu ya sinia jeupe au kitambaa, kwa sababu springi ya kiwiko ni ndogo na inaruka.

1. Upande wa pampu mara nyingi una skrubu moja. Fungua mfuniko, inua gasketi na dayaframu. Ndani utaona chujio la wavu, duara dogo kama la mm 5. Litoe kwa ncha ya pini, lioshe. Likiwa limetoboka weka jipya.

2. Upande wa kupimia una skrubu nne. Toa mfuniko au kipira kama kimejengwa humo, kisha dayaframu na gasketi yake. Ishike dayaframu sikioni uitikise: iliyo hai inanyamaza, iliyokufa inalia kama karatasi. Iliyokunjamana au iliyoganda umbo moja ibadilishwe hata kama haijatoboka.

3. Fungua skrubu ya pini ya kiwiko, toa kiwiko, sindano na springi. Ncha ya sindano ikiwa na mchirizi wa duara, itavuja. Badilisha.

4. Kama skrubu za L na H (za mafuta ya mwendo wa chini na wa juu) zinatoka, kwanza zizungushe kuelekea kulia taratibu hadi zikae, ukihesabu mizunguko, uandike. Usikaze, utaharibu kiti chake. Baada ya hapo zitoe.

5. Vaa miwani. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye tundu la L. Inapaswa kutokea kwenye matundu madogo karibu na kipepeo cha akselereta. Pulizia kwenye tundu la H. Itokee katikati ya koo la kabureta. Tundu lisilotoa kitu liachwe lilowe nusu saa, kisha pulizia tena.

Dawa hiyo inakausha mpira, kwa hiyo dayaframu, sindano na kipira visiwepo karibu. Usichokoe matundu kwa waya wa chuma: kipenyo kikiongezeka kidogo tu, kabureta haitapimika tena. Na hewa ya kompresa usiielekeze kwa nguvu kwenye koo la katikati, kwa sababu kabureta nyingi zina vali ndogo hapo inayong'oka.

Vipuri vinakuja kwa seti. Kwa Walbro, seti inayoanza na herufi K ni kamili, ina sindano, springi na kiwiko. Inayoanza na D ina dayaframu na gasketi tu. Kwa Walbro WT, kwa mfano, tafuta K10-WAT au D10-WAT. Kwa Zama, RB ndiyo kamili na GND ni ya dayaframu na gasketi. Namba ya kabureta imechorwa kwenye mwili wake. Nenda nayo dukani, maana seti zinafanana machoni lakini matundu yake hayalingani.

Unaporudisha, kumbuka mpangilio huu, kwa sababu ndio unaokosewa zaidi: upande wa kupimia, gasketi ndiyo inayogusa mwili wa kabureta, kisha dayaframu, kisha mfuniko. Upande wa pampu ni kinyume: dayaframu inagusa mwili, kisha gasketi, kisha mfuniko. Dayaframu ya kupimia ikiwa na kichwa kinachonasa kwenye uma wa kiwiko, hakikisha kimenasa.

Urefu wa kiwiko ni jambo la sehemu ya milimita, lakini ndilo linaloamua tabia ya mashine. Kwenye Zama C1Q kiwiko kinalala sawa na sakafu ya chemba. Weka ukingo wa rula juu yake uone. Kwenye Walbro WT kinakaa mm 1.65 chini ya uso wa mwili pale gasketi inapokaa. Kikiwa juu mno mafuta yanazidi na injini inajaa. Kikiwa chini mno inakosa mafuta. Kipinde polepole, ukiwa umekishikilia ili usiisukume sindano kwenye kiti chake.

Kisha jaribu uvujaji kabla ya kuifunga kwenye injini. Vika pampu yenye geji kwenye chuchu ya kuingizia mafuta, jaza hadi bar 0.8, subiri. Isishuke. Ikishuka, izamishe kwenye maji uone mapovu yanatokea wapi, kisha ikaushe vizuri. Asiye na pampu hiyo anaweza kutumia kipira na geji ya kupimia shinikizo la damu: mmHg 300 ni bar 0.4, inatosha kukuonyesha sindano inayovuja waziwazi, ingawa haithibitishi kila kitu.

Skrubu, kwa utaratibu

L ni mafuta ya mwendo wa chini, H ni ya mwendo wa juu, na LA au T ni kasi ya kutulia tu. Blowa nyingi mpya zina vichwa vya ajabu vinavyohitaji bisibisi maalumu, na vizuizi vinavyoruhusu robo ya mzunguko. Kama kabureta ni safi na haina uvujaji, mpangilio wa kiwandani unatosha karibu kila mara.

Ukilazimika, anza na mzunguko mmoja kutoka pale L na H zilipokaa, isipokuwa kitabu kinasema vingine. Funga bomba la hewa na filta, kwa sababu feni ndiyo mzigo wa injini. Blowa za mkononi nyingi hazina klachi. Feni inazunguka muda wote, na bomba likitolewa au mlango wa hewa ukizibwa na majani, kasi inabadilika na unarekebisha uongo. Pasha injini dakika tatu hadi tano. Zungusha L hadi upate pale inapotulia kwa kasi kubwa zaidi, kisha ifungue kuelekea kushoto moja ya nane ya mzunguko. Rekebisha LA hadi itulie bila kuzima. Ukibonyeza akselereta ghafla na ikasita, ongeza L kidogo tena.

H inarekebishwa akselereta ikiwa imebonyezwa hadi mwisho. Ifungue hadi sauti iwe ya kukwaruza na kukatika katika, kisha ipunguze taratibu hadi mlio uanze tu kusafika, uishie hapo. Usitafute kasi ya juu kabisa. Mafuta ndiyo yanayobeba oili, na mashine iliyobanwa mafuta inalia vizuri sana dakika chache kabla pistoni haijakwama. Baada ya kazi, plagi ya rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe inamaanisha rudi haraka ukaongeze H.

Mwinuko nao una lake. Hewa ya Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Mashine iliyorekebishwa pwani ikipelekwa Nairobi, Mbeya au Kigali itakuwa na mafuta mengi, itatoa moshi na kuchelewa kupanda. Hiyo haiui. Hatari ni safari ya kushuka: iliyobanwa ili iende vizuri bara, ikifika pwani inakosa mafuta. Ongeza H kabla ya kuiwasha huko.

Kabureta ni safi na bado inasumbua

Mashine inayopanda yenyewe, inayotulia kwa kasi leo na kuzima kesho, na ambayo hakuna mpangilio wa L unaoituliza, inavuta hewa mahali fulani baada ya kabureta. Injini ikiwa imetulia, nyunyizia maji kidogo kuzunguka gasketi ya kabureta, mbali na ekzosi iliyo moto. Mlio ukibadilika, umepata. Usipobadilika, zinazoshukiwa ni sili za krenki, zile zinazozuia hewa kupenya kando ya shafti ya injini. Kuzijaribu kunahitaji kuziba mlango wa ekzosi na wa kabureta na kujaza hewa ya bar 0.5 kwenye injini, na kuzibadilisha kunahitaji kutoa feni. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Mwambie umeshakagua nini, ili asianze kwa kuzungusha skrubu.

Kabureta mpya nunua tu mwili ukiwa umeliwa na kutu nyeupe ya maji, au uzi wa skrubu ukiwa umekufa. Nakala za bei nafuu zinafanya kazi, ila nyingi zinakuja zikiwa zimepangwa kutoa mafuta kidogo, kwa hiyo ijaribu kwa plagi baada ya tanki la kwanza. Na blowa itakayokaa zaidi ya mwezi bila kazi, imwage tanki, ibonyeze kipira hadi kikauke, iwashe iendelee hadi izime yenyewe, kisha itundike kivulini.